Sekunde Arobaini na Saba za Mama Josephina

Haikuzima. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayesikia habari hii huniuliza kwanza, "Anord, kwani kompyuta ilizima?" Haikuzima, haikuganda, haikuonyesha hata ile skrini ya buluu ambayo mafundi wote tunaichukia. Siku ile ilichapa kazi kuliko siku zote. Ingezima, leo ningekuwa mtu mwingine.

Mimi ni fundi wa sauti na picha hapa Shume. Nina chumba kimoja cha mbao kando ya barabara wanakopita malori ya magogo, na ndani yake nimegongomea mablanketi ukutani ili mwangwi usiniharibie kazi. Hapo ndipo kwaya za usharika wetu na za jirani hurekodi, na hapo ndipo ninapotengeneza video za harusi na mazishi. Vyote hivyo hutegemea kompyuta moja ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ambayo kwa miaka miwili ilinitia aibu. Video ya harusi ilikuwa ikichukua siku nzima kukamilika. Bwana harusi anakuja, anaambiwa asilimia thelathini na moja; anakwenda shambani kwake kwenye kabichi, anarudi na matope miguuni, anaambiwa asilimia arobaini. Walikuwa wakinicheka mpaka kanisani.

Mwezi wa tano mwaka huu nikajifunza kuipandisha kasi. Prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo wake, na RAM, vile vijiti ambamo mashine hushikilia kazi iliyo mkononi, nayo hupangiwa wake. Lakini ukiingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, kabla Windows haijawaka, unaweza kuiamuru ikimbie zaidi. Unaongeza kasi kidogo, unaongeza umeme kidogo, unaijaribu. Ikiganda, unarudi nyuma hatua moja. Ikitulia, unaongeza tena. Adui ni joto, na kwa joto nilijiona mjanja kuliko wote. Watu wa Dar es Salaam wananunua vipoza vya maji. Mimi nilitoa ubavu wa kava, nikaisogeza mashine chini ya dirisha, nikafungua dirisha. Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa ukiingia chumbani wenyewe bila kukaribishwa, nami nimevaa makoti mawili, nacheka peke yangu.

Prosesa ilitoka gigahezi tatu nukta nne ikafika nne nukta tano. RAM ilitoka megahezi elfu mbili na mia nne ikafika elfu tatu na mia mbili. Niliitesa prosesa kwa programu ya majaribio tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na joto halikuvuka digrii sabini. Kesho yake nikaijaribu RAM. Mzunguko wa kwanza ulipita. Wa pili, saa nane mchana, jua likachomoza nusu saa hivi, na kwenye skrini ukatokea mstari mmoja mwekundu: kosa moja.

Kosa moja katika mabilioni ya hesabu! Maelekezo niliyokuwa nikiyafuata yalisema wazi kwamba kosa moja la RAM ni sawa na makosa elfu, shusha kasi. Yalisema pia kwamba RAM isiyotulia haipigi kelele, inaandika kitu kisichokuwa kile ulichoipa, kisha inaendelea na safari. Niliyasoma hayo kwa macho yangu haya mawili. Sikushusha. Nilisubiri ukungu urudi, nikarudia jaribio, likapita bila doa, nikaziandika namba zangu kwenye karatasi na kuibandika ukutani kama cheti.

Basi kichwa kikanivimba. Video ya harusi iliyokuwa ikichukua siku nzima ilikuwa inakamilika kwa nusu siku, bwana harusi hajarudi hata kutoka kwenye kabichi zake. Kila aliyeingia nilimwonyesha karatasi yangu, hata waliokuja kuchaji simu.

Mwezi wa nane, Jumanne ya pili, akaja Mama Josephina.

Jina lake ni Beatha, lakini hapa hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mchungaji akisoma majina. Alinifundisha shule ya Jumapili. Kwaya ya usharika ilikuwa ikimtegemea yeye kwa sauti ya kwanza tangu sijazaliwa. Kisha mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza, tukadhani ni mafua ya baridi yetu, kumbe ni saratani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Madaktari wa huko chini mjini walimwambia waziwazi: kuishi ataishi, lakini zoloto lote linatoka. Jumatatu inayofuata angelala mezani, na akiamka hangesema tena.

Alikuja na mumewe, Baba Josephina, mpasua mbao ambaye kwa kawaida husema maneno kumi kwa siku.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu," alisema Mama Josephina, na sauti yake ilikuwa nyembamba, ina michirizi. "Nimekuja kukuachia mzigo."

Mzigo wenyewe ulikuwa huu. Binti yao wa pekee, Josephina, yuko Songea, ni muuguzi, na ataagwa Desemba kwa ajili ya ndoa. Siku ya kuagwa mama husimama akamwambia binti yake maneno ya mwisho ya nyumbani. Mama Josephina hangekuwa na sauti ya kusimama nayo. Alitaka aseme sasa, nimhifadhie, siku hiyo ipigwe kwenye spika ukumbini. Tena alitaka kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto, wa Kishambaa, aliouacha mama yake mzazi. Josephina aliusikia utotoni lakini hakuushika, na wajukuu wakija atawaimbia nini.

"Kwenye kaseti za kwaya mimi nipo," alisema, "lakini tuko watu thelathini. Na simu yetu hii ya tochi haihifadhi kitu. Nataka mwanangu anisikie mimi peke yangu."

Nikamwambia asijali, amefika penyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu, tena kwa wema. Siku ile baridi ilikuwa kali. Mama Josephina alikuwa amepungua mpaka sweta linamning'inia, na alikuwa akitetemeka. Huwezi kumkalisha mgonjwa kwenye baridi ya Shume huku dirisha liko wazi. Mama yangu angesikia asingenisemesha mwezi mzima. Isitoshe malori yalikuwa yakipita na kelele zake. Nikafunga dirisha. Nikachukua jiko la mkaa lililokuwa limeshika vizuri nje, nikaliingiza ndani, nikaliweka karibu na miguu yake, mlango wa nyuma nikauacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Akanyoosha mikono juu ya moto akasema, "Mungu akubariki." Jiko lilikuwa hatua moja na nusu kutoka kwenye kompyuta iliyotolewa ubavu.

Kwanza tulifanya jaribio fupi la maiki, nikalihifadhi kando kwenye folda yake. Kisha akafumba macho akaanza.

Sitasema yote aliyoyasema, kwa sababu hayakuwa yangu, na kwa sababu sasa hayako popote. Alianza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wakwe, akawashukuru. Halafu akahamia Kishambaa na hapo akawa anaongea na mtu mmoja tu. Alimwambia Josephina mambo ya siku aliyozaliwa, mvua ilivyonyesha, na Baba Josephina alivyokimbia kumfuata mkunga akiwa na kiatu kimoja. Baba Josephina, aliyekaa kwenye benchi, akainama akawa anatazama viatu vyake.

Dakika ya kumi feni ya mashine ilianza kulia kwa nguvu. Nikatazama pembeni ya skrini, kwenye namba za joto. Themanini na nne. Nikatazama tena, themanini na tisa. Vijiti vya RAM havikuwa na kipimo, lakini nilijua vimechomekwa palepale kando ya prosesa. Mkono wangu uliinuka, naapa uliinuka. Nilichotakiwa kusema ni, "Samahani Mama, tupumzike kidogo." Lakini mama mtu mzima, mgonjwa, amefumba macho anaongea na mwanawe kwa mara ya mwisho, mimi niliyefundishwa naye kunyamaza mkubwa akisema, nimkatize kwa sababu ya feni? Nikaurudisha mkono mapajani. Nikajiambia mashine imepita majaribio, kwani karatasi si ile pale ukutani? Tisini na tatu. Ndipo akaanza kuimba.

Aliimba taratibu, kwa ile sauti iliyochanika, na alipofika pa kupanda hakuweza kupanda, akapanong'ona. Niliacha kutazama namba. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Alipomaliza nilisikiliza dakika ya kwanza kwenye hedifoni, ikawa safi kabisa. Hapo ningemshukuru Mungu nikaizima mashine. Mimi nikataka sifa. Diski ilikuwa imejaa, Jumamosi nina harusi Lukozi, nikaamua kuisafisha sauti na kuibana kwenye faili moja dogo palepale, mbele yao, jiko bado linawaka.

"Zamani kazi hii ingechukua nusu saa," niliwaambia. "Tazameni."

Ilichukua dakika mbili. Skrini ikaandika kwamba imekamilika. Baba Josephina akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema, "Kijana, unaweza." Nikafuta ile rekodi ghafi kupata nafasi. Faili jipya nikaliweka kwenye diski yangu ya akiba na kwenye flashi aliyokuja nayo yeye, akaifunga kwenye kitambaa cha mfukoni, mafundo mawili.

Mama Josephina alifanyiwa upasuaji. Flashi ile alilala nayo hospitali chini ya mto, hivyo ndivyo Baba Josephina alivyonisimulia baadaye. Hawakuwa na pa kuifungulia, wala hawakuhitaji. Alikuwa akiishika tu.

Walirudi Oktoba, Alhamisi moja ya jua. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe shingoni, na chini yake kuna tundu analopumulia. Nilimwamkia shikamoo, akainua mkono, midomo ikasema marahaba, hakukutoka kitu. Sikujua nitazame wapi. Alikuwa na daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akaandika: *Nataka kusikia.*

Nikampangusia kiti. Nikachomeka flashi, nikabofya faili. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaniambia faili limeharibika, haliwezi kufunguliwa.

Nikacheka. Ni kweli, nilicheka, nikasema flashi hizi za siku hizi bwana. Nikaenda kwenye diski yangu ya akiba. Limeharibika. Ukubwa wake ni uleule, jina lake ni lilelile, tarehe ni ileile, ndani takataka. Nikatafuta ile ghafi niliyoifuta. Mahali pake palikuwa pamekaa harusi ya Lukozi na harusi tatu nyingine. Nilijaribu programu moja ya kukarabati faili, ikakataa. Nikajaribu ya pili, ikanipa dakika ishirini za mlio kama wa mahindi yanayokaangwa. Niliyasikiliza yote kwa hedifoni, nikisubiri hata neno moja, huku wazee wawili wamekaa nyuma yangu wametulia, wanadhani natayarisha.

Nikatoka nje nikampigia simu Clemence, fundi wa Tanga ninayemheshimu kuliko wote. Nikamweleza.

"RAM uliipandisha?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Uliijaribu mizunguko mingapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na lile kosa moja, na jiko.

"Anord, hakuna kitu hapo," alisema. "Faili halikuharibika baadaye. Lilizaliwa limeharibika. Nikusaidieje?"

Nilirudi ndani nikapiga magoti, maana sikuona namna ya kulisema nimesimama. Niliwaambia kila kitu: kasi, ukungu, mstari mwekundu, dirisha, jiko, mkono wangu ulioinuka ukarudi. Sijui walielewa nini katika habari za RAM. Baba Josephina alinitazama, akatazama karatasi yangu ukutani, akatazama tena flashi.

Mama Josephina alivuta daftari. Aliandika haraka, akanigeuzia: *Usilie. Nitarudia.*

Akakivuta kiti mbele ya maiki, palepale alipokaa mwezi wa nane. Akajikohoza, mkono shingoni, akanyoosha mgongo, akafungua mdomo. Mdomo ulibaki wazi. Niliona anavyokumbuka, usoni, kidogokidogo. Pumzi ilitoka kwenye tundu chini ya kitambaa, fyuu, basi.

Baba Josephina aliinuka akaenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo.

Mimi nilikuwa bado chini. Katika maisha yangu sijawahi kujiona mtu bure kama pale. Vifaa vyote vile, nyaya zote zile, na hapakuwa na cha kubonyeza. Nikamwomba aandike basi, Josephina atasomewa. Akaandika kwamba Kiswahili ataandika, lakini Kishambaa hakujifunza kukiandika, na wimbo unaandikwaje. Akafunga daftari. Akawa ananipigapiga begani, yeye ndiye ananibembeleza.

Ndipo nikalikumbuka lile jaribio la maiki.

Lilikuwepo, kwenye folda yake, halikusafishwa wala kubanwa. Lilirekodiwa kabla chumba hakijapata joto la jiko. Sekunde arobaini na saba. Nililifungua, na sauti yake ikajaa chumba, nyembamba, ina michirizi, hai:

"Moja, mbili, tatu. Inasikika? Moja, mbili... Anord, mbona hiki kidude chako kinavuma hivi? Kama kina homa. Unakikimbiza hivyo kiende wapi?"

Baba Josephina aligeuka mlangoni. Mama Josephina aliweka kiganja mdomoni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, anacheka, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka hadi kwenye kitambaa. Akanionyesha kidole: tena. Nikarudia. Tena. Nadhani tuliisikiliza mara kumi na tano. Mwishowe akafungua daftari akaandika: *Mpeni hiyo.*

Nimeishusha mashine. Prosesa iko tatu nukta nne, RAM elfu mbili na mia nne, kama ilivyotoka kiwandani, na karatasi ya ukutani nimeitia motoni. Inajikokota kama zamani, imara kabisa, haikosei hata hesabu moja. Nikiitazama natamani kuipiga teke.

Jana Josephina alipiga simu kutoka Songea. Baba yake alikuwa ameshampasha habari. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alinisalimia, akaniita kaka, akasema ameshaisikia, nimemtumia vizuri, asante.

"Naomba kitu kimoja tu, kaka Anord. Hapo mwishoni Mama anaposema kiende wapi, kuna mtu anaongea juu ya sauti yake. Toa hiyo sauti, nibaki na Mama peke yake."

Nilimwambia nitajaribu. Nimejaribu tangu asubuhi. Nimekata kila ninachoweza kukata, nimeshusha, nimechuja. Haitoki. Sauti mbili zimepita kwenye maiki moja kwa wakati mmoja, na kila ninapoipunguza ile ya juu, ile ya chini inafifia nayo. Nikiifuta kabisa, maneno yake matatu ya mwisho yanaondoka.

Kwa hiyo Desemba, ukumbini, wakwe wamekaa, bibi harusi amekaa, itapigwa kama ilivyo. Mama atauliza kinakimbizwa kiende wapi, na kabla hajamaliza kuuliza, kijana mmoja mwenye furaha zake atamkatiza:

"Usijali Mama, hii mashine haijawahi kuniangusha."